Oti za kuoka zimebonyea, zimetoa maji na zimekuwa chungu: nanasi ndo limekuponza

Swali, kutoka Njombe mjini:

Shikamoo dada. Nimeanza kuoka oti asubuhi badala ya chai na maandazi, maana baba watoto kapimwa kaambiwa sukari imeanza kupanda. Nachanganya usiku ili asubuhi niwashe oveni tu: oti vikombe viwili, maziwa ya ng'ombe ya kuletewa, mayai mawili, ndizi mbili, nanasi nusu limekatwakatwa, asali kidogo, beking pauda vijiko viwili vya chai. Juzi imeumuka vizuri nikafurahi, kuitoa ikabonyea katikati, juu imekauka inakwaruza, chini kuna maji kama ya mtindi ulioachana, halafu chungu! Watoto wamegoma. Nakosea wapi? Na mdogo wangu yuko kijijini hana oveni, anaweza kuoka kwa mkaa?

Jibu:

Marahaba mdogo wangu, pole sana, maana oti zenyewe bei yake sio ya kumwagia kuku. Hapo kuna mambo kama matatu yamekutana kwenye tini moja ila kubwa lao ni nanasi, ngoja nianze nalo.

Nanasi bichi lina kimeng'enya kinaitwa bromelini, na kazi yake ni kukatakata protini, ndo maana wapishi wanalitumia kulainisha nyama ngumu. Sasa we umelilaza usiku kucha pamoja na maziwa na mayai ambavyo ndo protini yenyewe unayoitegemea ije ishikanishe kitu chako kwenye oveni, likaila taratibu mpaka asubuhi, maziwa yakaachana na yakawa machungu, na yai nalo likakosa nguvu ya kushika. Friji haisaidii sana, inapunguza kasi tu. Papai nalo lina cha kwake, papaini, hasa likiwa halijaiva sawasawa, kwahiyo usije ukakimbia nanasi ukaangukia papai.

Dawa yake ni moto, na moto wenyewe sio mwingi. Katakata nanasi vipande vidogo, weka kwenye kikaango bila mafuta na kijiko cha chai cha mdalasini, moto wa kati, liache litokote lenyewe kwenye maji yake kama dakika 8 hadi 10 huku unageuza, utaona kwanza linatoa maji mengi linaelea, halafu maji yanapungua, yanakuwa mazito yanang'aa, na ukiburuza mwiko katikati njia inabaki wazi kidogo kabla haijajifunga. Hapo epua, lipoe. Bromelini imeshakufa na maji ya ziada yameondoka, umemaliza matatizo mawili kwa kikaango kimoja. Nanasi la kopo halina hiyo shida kwasababu limeshapikwa kiwandani, ila angalia lisiwe la sharubati ya sukari, kwa mgonjwa wako halifai.

Hilo la maji linahusu matunda mengine pia. Pichi, plamsi, maembe ya Kyela yakiwa yameiva sana, stroberi, yote ukiyatupia mabichi kwa wingi yanaachia maji katikati ya kuoka na maji yanatafuta chini. Ama uyapike kidogo kwanza kama nanasi, ama uweke kikombe kimoja tu kwa oti vikombe viwili. Maepo hayana neno, kata vipande vyembamba weka mabichi. Parachichi usioke kabisa, najua huko kwenu na Rungwe yamejaa na watu wanayatia kwenye kila kitu, ila likipata moto wa muda linakuwa chungu, we kata vipande weka pembeni ya sahani wakati wa kula.

Sasa kubonyea. Vijiko viwili vya beking pauda kwa vikombe viwili vya oti hata Dar ni vingi, sembuse Njombe. Mji wenu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa huko ni nyepesi, haikandamizi sana, kwahiyo gesi ya beking pauda inatanuka kwa fujo na kitu kinapanda haraka kabla yai na oti havijashika, halafu kinakosa cha kukishikilia kinashuka. Na maji huko yanachemka kwenye nyuzi kama 93 badala ya 100 za pwani, huku kwetu Mbeya kama 94, maana yake sehemu ya juu inapoteza unyevu haraka wakati katikati bado inahangaika kuiva. Ndo maana umepata jangwa juu na bwawa chini kwa wakati mmoja. Maelekezo mengi ya mitandaoni yameandikwa na watu wa mabondeni, sio kwamba ni ya uongo, ni kwamba hayakukufikiria we.

Kwahiyo fanya hivi. Beking pauda shusha mpaka robo tatu ya kijiko cha chai, inatosha kabisa, hii sio keki. Oveni weka 190 badala ya 180. Tini liwe pana, la sentimita 20 kwa 20 hivi, mchanganyiko usizidi kina cha sentimita 4, maana nahisi umetumia lile la mkate, refu na jembamba, katikati yake haiivi ng'o. Dakika 20 za kwanza funika na foili, halafu funua imalizie kama dakika 20 hadi 25 ipate rangi. Na kama umeitoa kwenye friji asubuhi ya Julai pale Njombe iko baridi kama barafu, iache nje wakati oveni inapata moto, usiingize chombo cha kioo cha baridi kwenye oveni ya moto, kitapasuka.

Vipimo ningekushauri hivi: oti vikombe viwili, zile bapa nzima, sio zile zilizosagikasagika za kupika dakika moja maana hizo zinageuka uji uliogandia, na zile za punje zilizokatwa usijaribu bila kuziloweka usiku kucha. Maziwa vikombe viwili, mayai mawili, ndizi moja iliyoiva mpaka ina madoa meusi umeiponda, mafuta vijiko viwili vya chakula, chumvi robo kijiko cha chai (usiiache, bila chumvi oti zinakuwa na ladha ya karatasi), mdalasini, iliki ukipenda, na nanasi lako ulilolipika. Changanya oti na maziwa kwanza, ziache dakika 20 zinywe, ndo uongeze mayai na vingine. Ukitaka kuandaa usiku sawa tu, ila beking pauda weka asubuhi dakika ya mwisho, ikikaa kwenye maji usiku kucha sehemu ya nguvu yake inaisha.

Maziwa ya kuletewa chemsha kwanza, tafadhali, hata kama yataenda kwenye oveni. Ugonjwa wa kutupa mimba kwa ng'ombe, brusela, unapita kwenye maziwa mabichi na katikati ya tini huwezi kujua moto umefika kiasi gani. Yakishachemka yapoe ndo uchanganye na mayai, la sivyo unapata mayai ya kuvuruga.

Kujua imeiva: tikisa tini, katikati icheze kidogo tu isitiririke, chomeka kisu kitoke na unyevu lakini sio maji. Halafu, na hapa ndo wengi wanaharibu, usikate ikiwa ya moto. Iache dakika 15, wanga wa oti unaendelea kukaza inavyopoa, na ile uliyodhani ni mbichi utakuta imeshika.

Kuhusu baba watoto sasa. Oti ni nzuri kwake, zina nyuzinyuzi zinazoyeyuka zinaitwa beta-glukani, zinafanya uji mzito tumboni na sukari inaingia kwenye damu polepole. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, tangu 1997 inaruhusu watengenezaji waandike kwenye pakiti kwamba gramu 3 za hiyo beta-glukani ya oti kwa siku zikiwa sehemu ya mlo wenye mafuta mabaya kidogo zinaweza kupunguza hatari ya magonjwa ya moyo. Ila tuwe wakweli, ukikata tini lako vipande sita kila kipande kina oti kama gramu 30, hapo beta-glukani ni gramu moja na kidogo, kwahiyo sio dawa, ni kifungua kinywa kizuri basi. Na asali ni sukari, watu wananibishia sana hapa lakini kwenye damu ni sukari. Ndizi ikiiva sana nayo wanga wake umeshageuka sukari, ndo maana nimekushushia kutoka mbili mpaka moja. Kwake kata kipande kimoja, usiweke asali, muongezee yai la kuchemsha au karanga za kukaanga na hilo parachichi la pembeni. Kama mna kipimo nyumbani apime masaa mawili baada ya kuanza kula, siku ya oti na siku ya maandazi, muone wenyewe, majibu myapeleke kliniki. Na dawa asiguse bila daktari kusema.

Mdogo wako wa kijijini anaweza, tena vizuri tu. Sufuria kubwa zito, chini mchanga mkavu kama vidole viwili, lipashe moto limefunikwa dakika 10, tini liingie, funika, mkaa mchache chini na mwingi juu ya mfuniko. Watu wanakosea wanaweka moto wote chini, oti zinaungua kitako juu bado nyeupe. Ampe kama dakika 45 hadi 50, afungue mara moja tu kuangalia, kila akifunua joto linakimbia. Na aokee nje au jikoni kwenye dirisha wazi, najua baridi la huko linavyowafanya watu waingize jiko ndani na kufunga mlango, ila moshi wa mkaa usioonekana unaua, akimaliza kuoka jiko libaki nje.