Jibu: Lakteti iko juu kwa kila mtu, hata wenye afya

Habari ndugu. Nimekuelewa: unashuku upungufu wa vimeng'enya vya mitokondria (sehemu za seli zinazotengeneza nishati), lakini lakteti, yaani asidi inayobaki glukosi ikivunjwa bila oksijeni, imepanda kwa watoto wagonjwa na hata kwa wale wenye afya wa kulinganishia, na damu yote ilisafiri kwa gari kutoka Mbarara hadi Kampala.

Mashine ya kupimia iache kwanza. Tazama mirija uliyowekea damu. Kama ni ya kifuniko cha zambarau, shida iko hapo: seli nyekundu hazina mitokondria, zinaishi kwa kuvunja glukosi tu, na kinachobaki ni lakteti. Safari nzima zinaitengeneza mrijani. Mimi niliharibu sampuli za wiki nzima hivyohivyo, tena kwa boda, ndani ya mji tu! Chukua kifuniko cha kijivu, chenye floraidi inayozuia seli kuvunja glukosi, weka kwenye barafu, tenganisha plazma (maji ya damu) na seli ndani ya dakika 15 hukohuko Mbarara, ndipo uisafirishe ikiwa imegandishwa kwa baridi.

Halafu uliza mtoto alilia kiasi gani. Kujitupatupa na kufungwa mpira mkononi muda mrefu huipandisha lakteti pia. Inflamesheni (uvimbe wa ndani wa mwili) kali vilevile, hasa sepsisi, yaani maambukizi yaliyoenea mwilini. Mwenye homa atibiwe kwanza.

Ikibaki juu, pima na piruveti, kitu kinachogeuka kuwa lakteti. Lakteti ikiwa zaidi ya mara 25 ya piruveti, shuku kasoro ya mnyororo wa upumuaji, yaani vimeng'enya vya mitokondria vinavyotumia oksijeni. Zote zikipanda kwa uwiano wa kawaida, fikiria upungufu wa piruveti dihidrojenasi, kimeng'enya kinachoibadilisha piruveti ndani ya mitokondria. Ila piruveti huharibika upesi, damu iingie kwenye asidi baridi ya pakloriki palepale.

Mashine yako sijawahi kuitumia, hiyo nawaachia wengine.