Maswali na Majibu: Kupanga Gia katika Michezo ya Mbio Fupi za Magari

SWALI: Ndugu Mhariri, pole na kazi. Ninacheza kwenye simu mchezo wa mbio za mita 402 unaomruhusu mchezaji kubadilisha uwiano wa kila gia pamoja na uwiano wa difu (gia ya mwisho kati ya giaboksi na matairi). Gari langu lina gia tano, ambazo ni 3.20, 2.10, 1.55, 1.22 na 1.00, na difu ni 4.00. Injini inafikia kilele cha nguvu kwenye mizunguko 6,800 kwa dakika, na eneo jekundu, yaani la hatari kwa injini, linaanzia 7,800. Nikiondoka, matairi yanazunguka bure. Nikiingiza gia ya pili, gari linalemewa. Na mstari wa mwisho ninauvuka nikiwa gia ya tano huku mshale ukiwa kwenye 6,300 tu. Nimekwisha kununua kila kifaa kinachouzwa mchezoni, lakini bado ninaachwa. Nianzie wapi? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Anzia kwenye mstari wa mwisho, kwa sababu ndiko tarakimu zako zinakosema waziwazi kuliko kwingine kote. Gari linalovuka mstari likiwa kwenye mizunguko 6,300, ilhali kilele cha nguvu kiko 6,800, halijatumia nguvu zote ulizozilipia. Namba kubwa ya difu huizungusha injini zaidi kwa mwendo uleule, basi gawanya 6,800 kwa 6,300, kisha zidisha kwa 4.00: utapata takriban 4.30, na hiyo ndiyo difu ya kujaribu kwanza. Kama ingekuwa kinyume chake, yaani mshale unagonga kikomo kabla ya mstari, ungepunguza namba ya difu badala ya kuiongeza.

Difu, hata hivyo, huzigusa gia zote kwa pamoja. Gia yako ya kwanza, ambayo tayari inayazungusha matairi bure, ilikuwa na uwiano wa jumla wa 12.80 (3.20 mara 4.00), na sasa itapanda hadi 13.76, kwa hiyo tatizo la kuondoka litazidi usipoirekebisha. Ishushe hadi 2.90. Jumla itakuwa 12.47, chini kidogo ya ile ya awali, na matairi yatapata nafasi ya kushika barabara. Yakiendelea kuzunguka bure, endelea kuishusha kidogo kidogo.

Marekebisho hayo yanatibu pia kulemewa kwa gia ya pili. Mizunguko utakayoipata baada ya kubadilisha gia ni mizunguko ya sasa mara uwiano wa gia inayofuata, ukigawanya kwa uwiano wa gia unayoiacha. Kwa mpangilio wako wa zamani, ukibadilisha kwenye 7,500, mshale unaanguka hadi takriban 4,920, mbali mno na kilele. Gia ya kwanza ikiwa 2.90, unaanguka hadi 5,430 hivi. Gia zako nyingine ziache kama zilivyo: kutoka ya pili kwenda ya tatu mshale unatua kama 5,540, kisha 5,900, kisha 6,150, na ni sawa kabisa kwamba mianya hiyo kati ya gia na gia inazidi kuwa midogo, kwa kuwa kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo upepo unavyolizuia gari, nalo halimudu tena kuanguka mbali na kilele.

Sasa tuje kwenye wakati wa kubadilisha, ambapo wachezaji wengi hushika namba moja na kuitumia kwa kila gia. Katika mwendo uleule, gari husukumwa zaidi na gia inayoipa injini nguvu nyingi zaidi wakati huo, kwa hiyo linganisha nguvu ya injini pale mshale ulipo na nguvu yake pale utakapoangukia. Maadamu ya sasa ni kubwa, usibadilishe, hata kama kilele umekwisha kukipita; zikilingana, badilisha. Ndiyo maana gia ya kwanza, yenye mwanya mkubwa, hushikiliwa hadi karibu na eneo jekundu, ilhali ya nne huachwa mapema zaidi, pengine kwenye 7,300. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, rudia mbio mara kadhaa, na uandike muda kwenye karatasi.

SWALI: Mimi ninacheza CSR Racing 2 na sioni mahali pa kurekebisha gia mojamoja. Je, hesabu hizi zinanihusu? — Msomaji, Mombasa

JIBU: Zinakuhusu kwa sehemu. Mchezo huo unakuruhusu kurekebisha difu, naitrasi (gesi inayoiongezea injini nguvu kwa muda mfupi) na upepo wa matairi tu, basi kazi ya gia zote inabebwa na difu. Taa ya kijani, ile inayokuonyesha wakati wa kubadilisha gia, nayo usiiamini kupita kiasi: matairi yakiwa yanazunguka bure katika gia ya kwanza, kuingiza ya pili mapema, kabla ya taa kuwaka, mara nyingi huleta muda bora, kwani hapo gari hushika barabara. Naitrasi ifuate baada ya kushika, si kabla.

SWALI: Katika mbio halisi za Marekani, yale magari marefu membamba yana gia ngapi? — Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Magari hayo, ya daraja la Top Fuel, hayana gia za kubadilisha hata moja. Yana klachi ya sahani kadhaa inayoachiwa iteleze kwa makusudi na kushika hatua kwa hatua kadiri gari linavyosonga, na difu yenye uwiano wa 3.20 uliowekwa na kanuni za NHRA, chama kinachosimamia mbio hizo. Tangu 2008 hukimbia futi 1,000, yaani mita 305 hivi, badala ya zile 402. Ukitaka kuona dereva halisi akihangaika na gia tano kama msomaji wetu wa Morogoro, tazama daraja jingine la mbio hizo, Pro Stock.