Khedive Ismail haikuwa manowari

SWALI: Katika makala ninayoandaa nimeandika hivi: "Mwaka 1944 manowari ya Khedive Ismail ilizamishwa na watu 1,511, na askari 1,297 walizama wakiwa kwenye machela zao." Mwenzangu anadai "manowari" si sahihi kwa kuwa ile ilikuwa meli ya abiria. Mimi naona ilikuwa na mizinga na ilibeba askari, basi ni manowari. Nani amepatia?

JIBU: Mwenzako. Ila sentensi yako ina mengine ambayo hakuyaona.

Manowari ni neno tulilolichukua kwa Waingereza: maneno yao matatu, "man of war", yenye maana ya "mtu wa vita", yakagandana kuwa moja. Ni chombo kilichoundwa kupigana. Tena lile "ma" la mwanzo si kiambishi cha wingi, kwa hiyo ni manowari hii, manowari hizi. Usiseme "manowari haya" wala usitafute "nowari" moja. Khedive Ismail iliundwa mwaka 1922 kwa ajili ya abiria, ikiitwa Aconcagua, na mwaka 1935 ikanunuliwa na kampuni ya Misri iliyokuwa na neno la Kiingereza la "barua", yaani "mail", katika jina lake. Neno hilohilo, kwa kuwa vyombo vya mvuke ndivyo vilivyotuletea barua pwani, ndilo lililotuachia "meli". Vita vilipokuja ikachukuliwa kubeba askari. Mizinga haibadili jambo: meli nyingi za abiria na za shehena zilifungwa mizinga michache ya kujihami, kama vile mlinzi wa ghala anavyoshika bunduki asihesabiwe kuwa mwanajeshi.

Msafara wenyewe unaonyesha tofauti. Februari 1944 meli tano za askari ziliondoka Mombasa kuelekea Colombo: Khedive Ismail, City of Paris, Varsova, Ellenga na Ekma. Zilisindikizwa na Hawkins, Petard na Paladin. Hizi tatu ndizo manowari. Ile iliyowavizia karibu na Maldivi, I-27 ya Wajapani, ni nyambizi, chombo cha vita kiendacho chini ya maji.

Hizo tano tuziiteje? "Meli ya askari" yaweza kueleweka kuwa ni mali yao. "Meli ya kubeba askari" inapita, na magazeti yanaitumia, lakini Kiswahili kina njia iliyo nyoofu zaidi ya kutaja kifaa kwa kazi yake: kisu cha kukatia, jiko la kupikia, chombo cha kuvulia. Basi meli ya kubebea askari, au ya kusafirishia askari. Hiyo "-ea" au "-ia" ndiyo inayomwambia msomaji kwamba kubeba ndiyo kazi ya chombo, si jambo kilichokuwa kikilifanya siku ile tu.

Sasa "ya". Khedive Ismail alikuwa mtu, mtawala wa Misri kuanzia 1863 hadi 1879. "Manowari ya Khedive Ismail" inamfanya mwenye mali. Ondoa "ya", andika "meli Khedive Ismail" au "meli iitwayo Khedive Ismail".

"Ilizamishwa na watu 1,511" ndilo kosa linalonitia wasiwasi zaidi. Baada ya kitenzi cha kutendwa, "na" humtaja mtenda. Umetuambia kwamba watu 1,511 waliizamisha! Andika "ilizamishwa ikiwa na watu 1,511", au mtaje mtenda wa kweli: ilizamishwa na nyambizi.

Halafu "walizama". Meli huzama, mtu aliyekufa kwa kumezwa na maji amekufa maji, kama yule mfa maji asiyeacha kutapatapa. (Jihadhari pia usiteleze ukaandika "walizamia meli": wazamiaji ni wanaojificha melini wasafiri bila nauli.) Lakini hapa hata "kufa maji" ni finyu mno. Topido mbili ziliipiga meli ikatoweka katika muda usiofika dakika tatu. Wapo waliouawa na mlipuko na wapo walionaswa ndani. Wengine walikuwa wakiogelea pale manowari zilipolazimika kutupa mabomu ya kulipukia chini ya maji kuisaka nyambizi iliyokuwa chini yao. "Walikufa" inatosha. Wala wote 1,297 hawakuwa askari: Rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki ilikuwa na watu 996 melini, na miongoni mwa wengine waliokuwa melini walikuwamo wauguzi, askari wengine na mabaharia. Walionusurika ni wanaume 208 na wanawake 6.

Mwisho "machela". Kwa msomaji wa leo machela ni ya kubebea mgonjwa, na sentensi yako itamfanya adhani ilikuwa meli ya majeruhi. Unachokusudia ni kitanda cha bembea: kipande cha turubai chenye kamba kila upande, kinachotundikwa kwenye ndoano za darini. Katika meli hizi sitaha ya chini ilikuwa chumba cha kulia mchana na cha kulala usiku. Vitanda vilitundikwa juu ya meza zilezile za chakula, vimebanana hadi mmoja akigeuka jirani anatikisika, na waliokosa ndoano walilala juu ya meza au sakafuni. Joto lilizidi kwa sababu madirisha yalifungwa usiku taa zisionekane baharini. Asubuhi kila mtu alikunja chake, la sivyo hapakuwa na pa kuweka sahani.

Na hapo ndipo sentensi yako inapoanguka kabisa, maana Khedive Ismail ilipigwa Februari 12, yapata saa nane na nusu mchana, wakati ambao vitanda huwa vimeshakunjwa. Ningeandika hivi: "Tarehe 12 Februari 1944 Khedive Ismail, meli ya kubebea askari, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani ikiwa na watu 1,511, kati yao 1,297 walikufa."