Folda za flashi zimegeuka .exe? Usifomati kwanza

Mkuu, umesema folda zote za kwenye flashi zimegeuka .exe (yaani faili za programu), mashine imekuwa nzito, na fundi kakushauri ufomati. Subiri kwanza. Mara nyingi kazi zako zinakuwa bado zimo humo humo, zimefichwa tu.

Nina steshenari karibu na chuo, flashi za watu zinashinda kwenye mashine zangu, na kirusi cha aina hii nakijua vizuri. Kinaficha folda zako halisi, halafu kinajinakili kwa majina yaleyale na kujivisha picha ya folda. Kuna dada alikuja na flashi yenye utafiti wake, mikono inatetemeka, kaambiwa hakuna namna ila kufomati. Tukaifungua kwa mpangilio wa Details. Kila "folda" ilisomeka Application kwenye safu ya Type, na zote zilikuwa na ukubwa mmoja. Folda ya kweli haionyeshi ukubwa pale.

Kwa hiyo washa File name extensions kwenye View ili hiyo .exe ionekane, na usibofye mara mbili kitu chochote humo.

Anza na mashine, maana flashi safi ukiichomeka kwenye mashine chafu inaambukizwa tena. Kata intaneti, fungua Task Manager (orodha ya programu zinazoendeshwa), bofya kulia programu unayoitilia shaka, chagua Open file location. Jina lisikudanganye, angalia inakoishi. Kwangu niliikuta svchost.exe imejibanza AppData\Roaming (folda ya data za programu za mtumiaji), wakati ile ya Windows hukaa C:\Windows\System32, au SysWOW64. Na tafadhali, usifute kitu ndani ya System32 kwa kubahatisha. Nimeshaletewa mashine iliyogoma kuwaka kwa sababu hiyo.

Ukiipata, bonyeza End task, izime kwenye Startup (orodha ya zinazojiwasha na mashine), ndipo uifute. Ikirudi, kuna kitu kinaiamsha. Autoruns ya Microsoft, programu ya bure inayoorodhesha kila kinachojiwasha, itakuonyesha, na usisahau kutazama Task Scheduler (ratiba ya kazi za mashine). Kisha piga skani ya Microsoft Defender Offline, ya antivirus ya Windows yenyewe. Mashine itajizima na kuwaka, ikaguliwe kabla Windows haijapanda, kama dakika 15 hivi.

Sasa flashi. Fungua CMD (dirisha la kuandika amri), andika hivi, ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda halisi zitatokea, ufute zile zilizoandikwa Application. Yule dada folda yake ilitokea palepale, sura zote za utafiti zikiwemo.