Maktaba Shirikishi Ianzie Wapi?

Maswali ya wasomaji kuhusu maktaba na usomaji, yanayojibiwa na mwalimu mstaafu wa ukutubi

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mkutubi katika maktaba ya wilaya huku Nyanda za Juu Kusini, Tanzania. Mwezi uliopita nilihudhuria semina ambamo mtoa mada alituambia kwamba maktaba isiyo na blogu, ukurasa wa mtandao wa kijamii na chaneli ya video imekwisha kupitwa na wakati. Niliporudi nikatoa taarifa, na mkuu wangu akaniagiza nifungue vyote vitatu kabla ya mwisho wa mwezi. Tuko watumishi watatu, kompyuta ni mbili, na bando ninalotumia ni la mfukoni mwangu. Nianzie wapi?

Mkutubi wa wilaya

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Anza kwa kumwomba mkuu wako akuruhusu kufungua kimoja tu, na kabla hamjakifungua mjiulize swali ambalo semina nyingi hulipita kando: wasomaji wenu wanajua nini ambacho nyinyi hamkijui? Zana shirikishi za mtandao, yaani zile zinazomwezesha mtembeleaji kuandika, kusahihisha na kubandika lebo (maneno mafupi ya kueleza kilichomo) badala ya kusoma tu, huwa na faida pale ambapo mchango wa mtu wa nje unakamilisha kazi ambayo mkutubi peke yake hawezi kuimaliza. Pasipo na kazi ya namna hiyo, ukurasa wa maktaba hugeuka ubao wa matangazo, na ubao wa matangazo bila shaka mnao tayari pale mlangoni.

Mfano ninaoupenda ni wa Maktaba ya Bunge la Marekani. Januari 2008 maktaba hiyo iliweka picha zipatazo 3,100 katika Flickr, mtandao ambao watu wa kawaida walikuwa wakiutumia kuhifadhi picha zao za harusi na za likizo. Karibu nusu ya picha hizo zilitoka kwa shirika la habari la Bain la New York, lililofanya kazi mwanzoni mwa karne ya 20, na maelezo yaliyoambatana na hizo za Bain yalikuwa maneno machache yaliyoandikwa juu ya kioo cha negativu: pengine jina la ukoo tu, pengine jina lenyewe limekosewa, mahali na siku hakuna. Watazamaji waliingia kazini bila kuajiriwa. Huyu alitambua jengo, yule akaenda kutafuta gazeti la wiki hiyo, mwingine akarekebisha tahajia ya jina. Kufikia Oktoba mwaka huohuo, watu 2,518 walikuwa wamebandika lebo zaidi ya 67,000, maoni yalikuwa yamepita 7,000, na rekodi zaidi ya 500 za katalogi ya maktaba zilikuwa zimeboreshwa kutokana na michango hiyo.

Naomba usiisome idadi hiyo ya mwisho kwa haraka. Lebo ni 67,000, lakini rekodi zilizoboreshwa ni 500 na ushee, kwa sababu wakutubi walihakiki kila walichoambiwa kabla ya kukiingiza. Msomaji alikaribishwa sebuleni, ila ufunguo wa katalogi ulibaki kwa mwenye nyumba. Nao wanaohofia kwamba umma ukiruhusiwa kuandika utajaza matusi, wajue kwamba katika miezi hiyo yote maktaba ilifuta michango isiyofaa isiyofika 25.

Maktaba ya Taifa ya Australia ilikwenda mbali zaidi. Tangu mwaka 2008 iliwaruhusu wasomaji kusahihisha maandishi ya magazeti ya kale yaliyosomwa na kompyuta, ambayo, kama ujuavyo, hulisoma gazeti lililochakaa kama mtu aliyesahau miwani yake. Mistari iliyosahihishwa na watu hao wa kujitolea imekwisha kupita milioni 100, kazi ambayo hakuna bajeti ya mishahara ingeweza kuilipia.

Sasa turudi kwenu. Nina hakika katika kabati fulani mna bahasha ya picha za zamani: ufunguzi wa jengo, Mwenge wa Uhuru ukipita, mkutano wa chama cha ushirika, wanafunzi wa shule ya kati wamepangwa kwa urefu. Kila Jumatatu chukua moja, ipige picha kwa simu, iweke kwenye ukurasa wenu, na chini yake uliza swali mahususi: "Huyu aliyeshika kipaza sauti ni nani, na nyuma yake ni jengo gani?" Usiulize "Mnakumbuka nini?", maana swali pana hujibiwa kwa vidole gumba tu. Jibu likija, liandike kwenye daftari pamoja na tarehe na jina la aliyelitoa, kama ameridhia. Mtafute mzee wa pili alithibitishe. Kisha geuza picha yenyewe uandike nyuma yake kwa penseli laini bila kukandamiza. Si kwa kalamu ya wino, kwa kuwa wino hupenya na kuharibu picha.

Kazi hiyo ikishika mizizi, jambo la pili liwe Wikipedia ya Kiswahili. Makala zake nyingi kuhusu miji na wilaya zetu ni fupi na hazina marejeo, ilhali nyinyi mna vitabu vyenye majibu. Tangu mwaka 2016 kumekuwa na kampeni inayowaomba wakutubi duniani kila mmoja aongeze angalau rejeo moja katika makala moja. Kazi hiyo huchukua robo saa, na haili bando kama video.

Kuhusu wenzako wawili, usibebe mzigo peke yako. Mwaka 2006 Helene Blowers, wa maktaba ya umma ya Charlotte na Mecklenburg huko North Carolina, alibuni mafunzo ya mambo 23 madogo ambayo kila mtumishi aliyafanya mwenyewe kwa muda wake: fungua blogu, bandika lebo, hariri wiki (tovuti ambayo wasomaji wenyewe huiandika), na kadhalika. Aliyemaliza alizawadiwa kichezea muziki cha mfukoni. Mpango huo uliigwa katika nchi nyingi, na sababu, kwa maoni yangu, ni kwamba haukumdai mtu awe mtaalamu bali ajaribu. Mkuu wako akiweza kutoa vocha ya bando kwa atakayemaliza mambo matano tu, atakuwa ametenda haki.

Na nywila ijulikane na watu wasiopungua wawili. Nasema hivi kwa sababu maktaba moja niliyoitumikia ilifungua blogu kwa shangwe, ikaandika makala nne, kisha mwenzetu aliyeifungua akahamishwa na nywila akaondoka nayo. Makala ya mwisho ilikuwa tangazo la wiki ya vitabu. Kwa miaka miwili iliyofuata, kila msimu ule ulipofika, wazazi walituletea watoto kwenye wiki ya vitabu ambayo haikuwapo.

SWALI: Mwalimu, nasomea stashahada ya ukutubi hapa Eldoret, na nimechagua kuandika juu ya maktaba zilizojengwa ndani ya ulimwengu pepe, hasa Second Life. Msimamizi wangu ananiambia kwamba hiyo ni historia iliyokwisha kuzikwa, na kwamba Afrika Mashariki haina cha kujifunza humo. Je, nibadilishe mada?

Mwanafunzi, Eldoret

JIBU: Usibadilishe mada, badilisha swali. Ukiuliza kama maktaba za Second Life zilifaulu, msimamizi wako ana haki ya kupiga miayo. Ukiuliza ni kitu gani ndani yake kilivuta watu na kipi kiliwafukuza, utapata somo linalotuhusu hata sisi tusio na kompyuta za maana.

Kwa ajili ya wasomaji wengine nieleze kwanza. Second Life ni ulimwengu wa kompyuta uliofunguliwa mwaka 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco. Mtu huingia humo kwa umbo la kuchora liitwalo avata, akatembea, akaongea na wengine, akanunua ardhi na kujenga. Mwaka 2006 Alliance Library System, muungano wa maktaba wa jimbo la Illinois, ulianzisha maktaba humo, katika kisiwa kilichopewa jina la Info Island. Wakutubi wa kujitolea walishika zamu kwenye dawati la maulizo, wakaandaa mihadhara, maonyesho na mijadala ya vitabu, na visiwa vikaongezeka hadi vikawa funguvisiwa.

Wengine walijenga jumba zuri, wakapanga rafu, na msomaji alipolisogeza avata lake hadi kwenye kitabu na kukibonyeza, alifunguliwa ukurasa wa kawaida wa tovuti. Sasa kwa nini azunguke kote huko, wakati ukurasa uleule angeufikia kwa kubonyeza mara moja? Jumba la namna hiyo lilikuwa tupu saa zote. Penye uhai palikuwa mahali penye saa iliyotangazwa na mwenyeji anayengoja wageni: mhadhara wa jioni, mjadala, ziara ya kuongozwa. Watu walikwenda kukutana na watu. Vitabu walikuwa navyo kwao.

Lakini hata penye uhai palikuwa na kodi. Kisiwa kizima kiligharimu dola 295 za Marekani kwa mwezi, nazo taasisi za elimu na zisizo za kibiashara zilipunguziwa nusu. Mwishoni mwa mwaka 2010 kampuni ilitangaza kwamba punguzo hilo litaondolewa, na taasisi nyingi zikafunga virago. Punguzo lilirudishwa baadaye, ila waliokwisha kuondoka walikuwa wamezoea kwingine. Hapa ndipo msimamizi wako atakapokusikiliza: maktaba iliyojenga kwenye ardhi ya mtu mwingine ni mpangaji, na mpangaji hapangi kodi. Maneno hayo yanahusu pia kurasa zetu za mitandao ya kijamii, ambazo hatuzilipii kwa fedha, lakini sheria zake hubadilishwa pasipo kuulizwa sisi. Ndiyo sababu nimemwambia mkutubi wa swali la kwanza aandike majibu kwenye daftari.

Linganisha na jambo la Machi 2020. Shirika la Waandishi Wasio na Mipaka lilifungua maktaba ndani ya Minecraft, mchezo wa kompyuta ambamo wachezaji hujenga kwa matofali, na kuweka humo, kwa umbo la vitabu vya mchezo huo, makala za waandishi zilizozuiwa katika nchi zao. Vyumba vya mwanzo vilikuwa vya Misri, Meksiko, Urusi, Saudi Arabia na Vietnam. Wao hawakuwaita vijana waje kwenye kisiwa kipya, waliwafuata mahali walipokuwa wakicheza tayari, na walipeleka kitu ambacho kijana wa nchi hizo asingekipata kwa urahisi kwingineko. Nanyi Kenya mnaijua hesabu hiyo tangu mwaka 1996, Huduma ya Maktaba ya Taifa ilipoanza kuwapakia ngamia vitabu kuwafuata wafugaji wa Garissa.

Basi sehemu ya mwisho ya kazi yako iwe jaribio. Ipo programu huria iitwayo Luanti, iliyojulikana awali kwa jina la Minetest, inayofanana na Minecraft, isiyolipiwa, inayokubali kompyuta za kawaida, na inayoweza kuunganisha mashine za chumba kimoja bila intaneti. Chukua watoto wanane katika maktaba moja, wape siku nne za likizo, uwaambie wajenge Ngome ya Yesu ya Mombasa. Dakika ya kumi watauliza kuta zake zina pembe ngapi. Usiwajibu, wapeleke kwenye rafu ya historia, wafungue ramani ya ngome hiyo ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na wabishane juu ya upande upi unatazama bahari. Hesabu ni mara ngapi kila mtoto alinyanyuka kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye rafu, kisha linganisha na wiki ya kawaida. Hicho ni kipimo ambacho Info Island yenyewe ingetamani kuwa nacho, na sidhani msimamizi wako atakikataa.

SWALI: Mwalimu, maktaba ninayoitumia imeanzisha kundi la WhatsApp la wasomaji. Nilijiunga kwa furaha, lakini juzi wamebandika humo orodha ya majina ya waliochelewesha vitabu, pamoja na majina ya vitabu vyenyewe, na jina langu limo. Kitabu nilichoazima kilihusu ugonjwa ambao nisingependa majirani wajue. Je, wana haki hiyo?

Msomaji, Tanga

JIBU: Pole sana. Hawana. Siri ya kile msomaji anachokisoma ni ya zamani kuliko kompyuta, na sasa Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kama Kenya ilivyo na yake ya mwaka 2019. Mwandikie mkuu wa maktaba barua, ukiomba orodha ifutwe na vikumbusho vitumwe kwa kila mhusika peke yake. Mkumbushe pia kwamba katika kundi la kawaida kila mwanakundi anaona namba ya simu ya mwenzake, na kwamba kwa matangazo ya maktaba ingetosha orodha ya kutuma ambamo wapokeaji hawaonani. Kitabu kirudishe ukiwa umekifunga kwa gazeti, ukimkabidhi mkutubi mwenyewe kaunta, na udai risiti ya faini.