Jibu la msomaji: Kijani kisiwe tope

Swali la wiki lilikuwa hili: "Nachora mandhari ya kijijini kwa rangi za akriliki. Nataka maumbo machache na rangi zinazong'aa, lakini kila picha inaishia kuwa tope la kijani. Nakosea wapi?"

Mara nyingi kosa hufanyika kabla hata tyubu haijafunguliwa. Mtu anakaa mbele ya bonde, anaona majani yasiyohesabika, na anataka kuyachora yote. Brashi inarudi pale pale mara ishirini, rangi zinaingiliana, basi. Punguza vitu kwanza kwa penseli. Kununua rangi kali zaidi hakutakusaidia.

Tuchukue bonde la Lushoto, kule Usambara Magharibi. Chora kisanduku cha ukubwa wa kiberiti, ndani yake gawa maumbo saba tu: mbingu, mlima wa mbali, mlima wa karibu, matuta ya mboga, kundi la migomba, nyumba, njia. Kila umbo lipe daraja moja la mwanga kati ya matatu: jepesi (lenye mwanga), la kati au zito (lenye giza). Maumbo mawili yanayogusana yasiwe na daraja moja. Yakiwa nalo, badilisha moja hata kama hali halisi inakupinga. Ukitaka uhakika, piga mchoro huo picha kwa simu, uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Kama nyumba imepotea ndani ya migomba, hakuna rangi itakayoiokoa.

Hadibodi ya sentimita 40 kwa 50 inatosha, au kitambaa cha marekani kilichovutwa vizuri kwenye fremu. Paka jeso, yaani rangi nyeupe ya kutayarisha ubao, mara mbili, mkono wa pili ukatize wa kwanza, na katikati upitishe msasa namba 220. Kisha paka ubao mzima msingi wa nyekundu ya udongo (ile yenye alama PR101 kwenye tyubu) iliyopunguzwa kwa maji kidogo. Sababu ni mbili. Jeso jeupe hukudanganya, kila rangi unayoweka juu yake inaonekana nzito kuliko ilivyo. Halafu, kati ya umbo na umbo unaacha mstari wa msingi huo, upana wa njiti ya kiberiti, na ule wekundu ukikaa kando ya kijani unakiamsha. Kwa Lushoto ni bahati zaidi, maana udongo wenyewe ni mwekundu.

Sasa kijani, ambacho ndicho chanzo cha kesi nyingi. Soma herufi ndogo mgongoni mwa tyubu. Buluu yenye PB29, yaani ultramarini, huegemea zambarau. Ukiichanganya na manjano unapata kijani cha mchicha uliochemka. Buluu yenye PB15 huegemea kijani, nayo ndiyo itakayokupa jani bichi la mgomba. Lakini ina nguvu za kutisha. Weka manjano ya PY74 kijiko kimoja cha chai, tia buluu kiasi cha punje ya choroko, koroga, tazama, ongeza punje nyingine. Buluu ndiyo inayoingia kwenye manjano. Ukianza na buluu utamaliza tyubu nzima ya manjano ukiikimbiza.

Kutokana na mchanganyiko huo toa vijani vitatu. Chepesi: ongeza manjano. Cha kati: kiache kilivyo. Kizito: ongeza buluu na tone la magenta (nyekundu inayoegemea zambarau) yenye PV19. Wengi hapa hukimbilia nyeupe na nyeusi. Nyeupe hufanya kijani kiwe kama kimepakwa chokaa, kwa hiyo iweke kwa ajili ya mbingu na milima ya mbali, ambako ubaridi huo unatakiwa. Nyeusi si dhambi, ila ikiingia kwenye kila kivuli picha nzima inanuna.

Kumbuka pia kwamba akriliki ikikauka inakuwa nzito zaidi. Gundi iliyo ndani yake ni nyeupe kama maziwa ikiwa mbichi, halafu inakuwa angavu ikikauka, na ule weupe uliokuwa unapunguza makali ya rangi unaondoka. Paka kidogo kwenye kipande cha kadi, kikauke, ndipo uamue.

Anza mbali, maliza karibu. Mbingu usihangaike kuilainisha. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa rangi inakauka kabla hujarudisha mkono. Ipake kwa mikanda mitatu bapa, kila mmoja ukiwa mwepesi kuliko uliotangulia kadiri unavyoshuka kuelekea milima. Mkono mmoja mzito huacha michirizi, miwili myembamba hutulia. Kati ya mkono na mkono gusa kwa mgongo wa kidole: pakiwa baridi, bado. Ukipitisha brashi wakati rangi inanata, utaing'oa ile ngozi iliyoanza kukauka, na kadiri unavyorekebisha ndivyo kidonda kinavyopanuka. Acha, ikauke kabisa, upake upya.

Migomba inastahili uangalifu wa peke yake, kwa sababu ndipo watu wanaporudia kuchora jani moja moja. Paka kundi zima kwa kijani kizito kama umbo moja, mfano wa ngumi iliyofunguka juu. Likikauka, chukua brashi bapa ya nusu inchi na kijani chepesi. Weka ncha kwenye shina, vuta juu na nje kwa mvuto mmoja, bonyeza katikati ili jani lipanuke, inua mwishoni. Majani matano, yasilingane. Moja lichane kwa kukata mistari miwili ya kijani kizito kutoka ukingoni kuelekea ubavu wa kati, kama upepo ulivyolipasua. Jicho likiona hilo moja litayachana mengine lenyewe.

Rangi kali kuliko zote iwe moja na iwe ndogo: paa la bati lenye kutu, kwa rangi ya machungwa (manjano na magenta). Linawaka kwa sababu limezungukwa na vijani vilivyotulia. Ukiongeza kanga ya waridi, ua la manjano na mlango wa buluu, paa linazimika.

Tahadhari kwa waliozoea Tingatinga, mtindo uliozaliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za mafuta zinazong'aa juu ya hadibodi: akriliki haishiki juu ya rangi hizo, itabanduka kama ganda la kitunguu. Ubao uliokwisha kupakwa rangi ya mafuta tumia mafuta hadi mwisho.

Brashi isikauke na rangi. Ikikauka, maji hayasaidii tena. Iloweke kwenye spiriti, itegemee rehema. Na picha zilizokauka usizipange uso kwa uso: kwenye joto akriliki hulainika na kushikana, ukizitenganisha moja inaondoka na paa la mwenzake. Weka karatasi ya kuokea katikati.