Setilaiti zikizimika, kinachopotea kwanza ni saa

Mkuu, umeuliza setilaiti zikizimika leo mtu wa kawaida atapoteza nini zaidi ya ramani ya kwenye simu. Mimi ni fundi wa minara ya simu, nakujibu kwa niliyoyaona.

Kitakachopotea kwanza ni saa. Setilaiti za GPS zimebeba saa za atomu, na minara, gridi za umeme na kompyuta za benki huchukua majira, yaani saa sahihi, huko. Minara jirani inayotumia masafa yaleyale ikipishana hata kwa mikrosekunde chache (mikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde), inaanza kuingiliana na simu zinakatika.

Tuliwahi kuwa na mnara uliotutesa wiki tatu. Kila jioni taa ya kipokezi cha GPS inatoka kijani inakuwa ya njano, na muda si mrefu malalamiko yanaanza. Tukabadilisha antena, tukabadilisha waya, wapi! Mwishowe mwenzangu akashuka na kipima mawimbi, kikampeleka moja kwa moja kwenye lori lililoegeshwa nje ya uzio, injini inanguruma. Kwenye tundu la kuwashia sigara kulichomekwa kidude cha kuzuia GPS, cha ukubwa wa kidole gumba. Dereva alikuwa anamficha tajiri wake asijue lori liko wapi. Mawimbi ya GPS yanasafiri kama kilomita 20,200, yakifika chini ni hafifu mno, na kidude kile kinayafunika kabisa.

Si lazima awepo adui, hata kosa la kawaida linatosha. Tarehe 26 Januari 2016 baadhi ya setilaiti za GPS zilitangaza majira yaliyokosewa kwa mikrosekunde 13, baada ya setilaiti moja kuukuu kustaafishwa. Na adui akiwepo, hahitaji roketi. Februari 2022 wadukuzi waliuvamia KA-SAT, mtandao wa intaneti ya setilaiti, kupitia mitambo ya ardhini, wakaharibu maelfu ya modemu, na mitambo ya upepo ya kuzalisha umeme kama 5,800 huko Ulaya ya kati ikakosa usimamizi wa mbali. Setilaiti yenyewe haikuguswa.

Sisi tulifunga saa ya rubidi, yaani saa ya atomu ya mnara wenyewe, tukaleta na majira ya pili kwa njia ya faiba. Kila baada ya miezi mitatu tunachomoa antena ya GPS kwa makusudi, kujaribu kama mnara utahimili. Mara ya mwisho tuliiacha hivyo toka asubuhi hadi jioni, na hakuna simu iliyokatika.